Mnatuuzia nyumba isiyo na vyumba

Wadau, kuna jambo limenikaa kooni muda mrefu na leo nalitema. Linawahusu hawa jamaa wanaotuuzia intaneti kwenye majengo ya kupanga. Siyo yale makampuni makubwa yenye mabango barabarani. Hayo yana dhambi zake na zamu yao itafika. Nawasema wale wa kati. Jamaa kanunua laini moja ya faiba, kaiingiza kwenye kichumba cha mlinzi, kanunua swichi tatu nne, kavuta waya hadi kila apatimenti, na kila mwisho wa mwezi anatuma meseji ya kukumbusha malipo. Sinza wapo, Mikocheni wapo, Mbezi wapo, na rafiki zangu wa Nairobi wananiambia huko ndiyo usiseme.

Siwachukii watu hawa. Wamefika kwenye majengo ambayo wakubwa waliyapita wakidai hayalipi, na wengi wetu tusingekuwa na intaneti ya maana nyumbani bila wao. Hasira yangu ni moja tu: wanatumwaga wote kwenye mtandao mmoja. Mpangaji wa ghorofa ya kwanza na wa ghorofa ya sita, wakili na mwanafunzi, zahanati ya chini na duka la kubashiri mechi la jirani yake, wote mmo chumba kimoja bila hata pazia. Na kifaa cha kututenganisha mara nyingi wanacho tayari, kimefungwa ukutani, taa zinawaka.

Kwa ambaye hajanielewa, twende taratibu.

Swichi ninayoisema siyo ya taa. Ni kile kisanduku chenye matundu mengi ya waya na vitaa vya kijani vinavyokonyeza. Kazi yake ni kupokea data kutoka tundu moja na kuipeleka kwenye tundu jingine. Ukiinunua dukani ukaichomeka bila kuigusa, inachukulia kwamba wote waliochomekwa humo ni watu wa nyumba moja. Ofisini hilo ni sawa, maana mnataka kuonana, mnatumia printa moja, mnabadilishana mafaili. Lakini jengo la wapangaji sitini siyo familia. Wengine hata salamu hatupeani kwenye ngazi.

Sasa angalia inavyokwenda. Kompyuta yako ikitaka kutoka nje kwenda intaneti, inabidi kwanza imjue ruta yuko wapi. Inafanyaje? Inapiga kelele jengo zima: jamani, nani mwenye namba 192.168.1.1? Ruta anaitika: ni mimi, na anwani yangu ya kifaa ni hii hapa. Utaratibu huo unaitwa ARP, na David Plummer aliuandika mwaka 1982. Ni utaratibu mzuri, umefanya kazi miaka zaidi ya arobaini. Kasoro yake ni kwamba hauombi kitambulisho. Swali likishapigwa uani, yeyote anaweza kuitika "ni mimi", na kompyuta yako itamwamini bila kubisha. Kuanzia hapo kila unachotuma kinapita kwanza kwa jirani, ndipo kiende kwa ruta. Intaneti haikatiki, huoni tofauti yoyote. Programu za kufanya kazi hiyo zipo bure tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, dsniff ya Dug Song ikiwa miongoni mwa zilizovuma sana. Huhitaji kuwa bingwa. Unahitaji jioni moja na kiherehere.

Na hata bila hila yoyote ile, kuna mambo ambayo mtandao wa namna hii unayatangaza wenyewe. Simu yako ikijiunga inaomba anwani, na mara nyingi katika ombi hilo inataja jina lake. Runinga inatangaza kwamba iko tayari kupokea video. Printa inajitambulisha. Ukiwa kwenye mtandao huo unaweza kukaa kimya na kusikiliza tu, ukajua nani yuko nyumbani, ana vifaa vingapi, simu yake inaitwaje, anaamka saa ngapi. Mimi ni mwandishi. Kuna watu wananiletea nyaraka kwa kunong'ona. Sitaki jirani nisiyemjua awe na orodha ya simu zilizoingia kwenye mtandao wa sebule yangu Jumamosi usiku, na sidhani kama wewe, hata kama kazi yako ni kuuza vitenge, ungependa.

Printa nazo ni kichekesho. Nyingi za ofisini hupokea kazi kupitia mlango namba 9100 bila kuuliza unatoka wapi. Mwishoni mwa mwaka 2018 kijana mmoja aliyejiita TheHackerGiraffe alichapisha ujumbe wa kumpigia debe PewDiePie, yule wa YouTube, kwenye printa za watu zilizokuwa wazi duniani. Mwenyewe alisema ni takriban 50,000. Hizo zilikuwa wazi kwa intaneti nzima kwa uzembe. Kwenye jengo lisilotenganishwa, printa ya wakili wa ghorofa ya pili iko wazi kwa jengo zima kwa mpango.

Halafu kuna balaa lisilohitaji hata mtu mbaya.

Katika jengo ninaloishi tuliwahi kukaa tangu Ijumaa jioni hadi Jumapili mchana bila intaneti. Sababu? Mpangaji mmoja alinunua ruta yake mpya, mtu wa watu, hana hili wala lile, akachomeka waya wa ukutani kwenye tundu lisilolengwa. Ile ruta ikaanza kugawa anwani, siyo kwake tu, bali kwa kila kifaa kilichoomba jengo zima. Simu zetu zikapokea anwani kutoka kwa ruta isiyokwenda popote. Waifai inaonyesha imeunganishwa, alama zote zimejaa, hakuna kinachofunguka. Fundi alikuja akapita mlango kwa mlango akichomoa waya mmoja mmoja mpaka akaipata. Siku mbili! Kwa wapangaji wote, kwa sababu ya tundu moja! Angechomeka waya mmoja pande zote mbili kwenye swichi isiyo na kinga ya mzunguko ingekuwa hadithi ile ile, matangazo yanazunguka yenyewe mpaka mtandao unazimia.

Nilimuuliza fundi kwa nini hawatutenganishi. Nanukuu alichonijibu, maana nimekikumbuka mpaka leo: "Dada'angu, humu wote ni majirani, mnaogopana nini?"

Jamani.

Nenda Manzese, nenda Tandale, ingia nyumba yoyote ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na choo cha kuchangia uani. Mama mwenye nyumba hajasoma mitandao. Lakini kila chumba kina mlango, na kila mlango una kitasa, na mpangaji akihama kitasa kinabadilishwa. Majirani hao hao wanapika pamoja uani, wanaazimana chumvi, wanaleana watoto. Na wanafunga milango. Hakuna anayeona kitasa ni tusi. Tena waulize hao hao kuhusu kuchangia mita moja ya LUKU, wakusimulie ugomvi wake, nani ana friji, nani anapiga pasi usiku. Sisi tuliozaliwa na mambo hayo tunalipia intaneti kwa mwezi halafu tunaambiwa kuomba mlango ni kuogopana!

Mlango huo wala siyo teknolojia ya jana. W. David Sincoskie wa maabara ya Bellcore huko Marekani alishughulikia wazo la kugawa mtandao mmoja katika mitandao mingi ya kufikirika miaka ya 1980. Mwaka 1998 taasisi ya wahandisi ya IEEE ikatoa kiwango kinachoitwa 802.1Q, na tangu hapo karibu kila mtengenezaji wa swichi za maana anakifuata. Ndiyo VLAN hiyo. Jinsi inavyofanya kazi ni rahisi hata kwa mimi niliyesomea uandishi. Kila tundu la swichi linapewa namba ya kundi. Data ikiingia kupitia tundu la apatimenti namba 12, swichi inaihesabu ni ya kundi la 12, na haiipeleki kwenye tundu lisilo la kundi hilo. Ikibidi isafiri kwenda swichi nyingine au kwa ruta kwa waya unaochangiwa na wote, inabandikwa lebo ndogo ya baiti 4, na ndani ya lebo hiyo biti 12 ni namba ya kundi. Waya ni mmoja, swichi ni moja, lakini kelele za kundi la 12 hazifiki kundi la 13. Ile "nani mwenye namba hii?" inaishia kwenu. Ruta ya jamaa iliyochomekwa vibaya inawakatia intaneti wa nyumbani kwake tu, wengine mnaendelea kutazama mpira.

Biti 12 zinatoa namba 4,096. Mbili zimetengwa, zinabaki 4,094. Unajua hiyo ni mingapi? Chukua kaya zote 644 za Magomeni Kota, ipe kila moja VLAN yake, utabakiwa na 3,450 za kuchezea. Hebu niambieni ni jengo gani la Sinza limeishiwa namba. Na atakayekua mpaka azimalize, kiwango cha 802.1ad kinachoruhusu lebo juu ya lebo kipo tangu mwaka 2005. Asiyetaka kushika namba nyingi namna hiyo ana njia fupi zaidi: swichi nyingi zina kipengele cha kuyazuia matundu ya wateja yasizungumze kabisa, kila tundu linaongea na tundu la ruta tu. Ni alama za kuweka kwenye ukurasa mmoja wa mipangilio. Kwa jengo la kawaida hilo peke yake lingeondoa sehemu kubwa ya malalamiko yangu na ningekuwa sasa hivi nawaandikia kuhusu foleni ya Ubungo.

Wamarekani walishalipia somo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1990, intaneti ya kasi ilipoanza kuingia majumbani kupitia nyaya za televisheni, watu walifungua Windows zao, wakabofya pale palipoandikwa kwamba pana majirani wa mtandao, wakakuta kweli majirani: mafaili ya familia ya nyumba ya pili, printa ya nyumba ya nne. Ikawa habari, kampuni zikabanwa, kinga zikawekwa. Hata faiba tunayoletewa leo, ile ya GPON, mwanga wa kushuka unafika kwa wateja wote waliogawiwa kutoka waya mmoja, na ndiyo maana waliotunga kiwango waliweka ndani yake njia ya kufunga data ya kila mteja kwa AES. Kwa hiyo uzi unakuja kutoka baharini, unapita mikononi mwa watu waliokwishafikiria jambo hili, unafika kwenye kichumba cha mlinzi, na mita thelathini za mwisho ndizo zinazovuliwa nguo. Siyo kwamba jibu halijulikani. Limeachwa getini.

Najua watakachosema, maana nimeshakisikia.

Wa kwanza atasema gharama. Tusidanganyane. Swichi ndogo ya matundu 8 yenye VLAN huuzwa nje kwa takriban dola 30 hadi 40, na ruta za MikroTik za kutoka Latvia, ambazo mafundi wetu wanazipenda kama chai ya maziwa, zina VLAN ndani yake bila kulipia zaidi. Mara ngapi umeona kifaa kinachoweza kila kitu kinatumika kama kigawanyio cha waya? Kinachokosekana ni siku moja ya fundi kukaa chini apange, aandike kwenye daftari tundu lipi ni la nani. Siku moja!

Wa pili ni mjuaji zaidi. Atakuambia siku hizi tovuti zote zina kufuli, HTTPS, kwa hiyo jirani akikupekua ataambulia takataka. Hapa ana nusu ya ukweli, nampa haki yake. Mwaka 2010 Eric Butler alipotoa Firesheep, kiongezi cha kivinjari kilichomwezesha mtu yeyote kuingia akaunti ya Facebook ya aliyekaa meza ya pili, dunia ilishtuka, na miaka iliyofuata kufuli zikaenea. Leo jirani hasomi tena barua pepe yako kirahisi. Lakini mara nyingi bado anaona jina la tovuti unayokwenda. Na HTTPS haina habari na runinga yako, kamera yako ya mlangoni, printa yako, wala folda uliyoiacha wazi. Zaidi ya yote, haina habari na virusi. Mei 2017 WannaCry iliingia kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zaidi ya 150, hospitali za Uingereza zikarudisha wagonjwa nyumbani, na sehemu kubwa ya kuenea kwake haikuhitaji mtu abofye kitu. Ikishaingia kompyuta moja ilizitafuta zenyewe zile za jirani ambazo hazijawekewa kiraka cha Machi mwaka huo. Zile za jirani, mmenisikia? Katika jengo letu jirani ni wewe.

Mwingine atajitetea kwamba waifai ina nywila. Nywila ipi, ile iliyobandikwa getini pamoja na namba ya kulipia? Nywila moja ikijulikana na watu sitini inamzuia mpita njia tu, ndani mko vile vile. Mbaya zaidi, kwenye WPA2 ya nywila ya kuchangia, mwenye nywila hiyo akiinasa simu yako inapojiunga anaweza kufungua mawasiliano yako ya hewani. Na vocha? Ule ukurasa wa kuingiza namba ya vocha unajua umelipa au hujalipa, basi. Nyingi zinakutambua kwa anwani ya kifaa chako, ile MAC, na anwani hiyo katika mtandao usiotenganishwa inaonekana na kila mtu na inaigizwa kwa amri moja. Anayelala nawe ukuta kwa ukuta anatumia vocha yako, wewe unampigia fundi simu kulalamika kwamba imeisha mapema, fundi anakuambia punguza TikTok.

Wapo pia wanaojisifu kwamba wanatumia PPPoE, kila mteja na jina lake na nywila yake. Afadhali. Lakini PPPoE inaanza na kelele ile ile, "nani anatoa huduma hapa?", na kama chini yake matundu hayajatenganishwa, jirani anaweza kuitika yeye. Kama nywila zinatumwa kwa mtindo wa zamani wa PAP, zinafika kwake zikiwa uchi.

Hapo sasa niingie kwenye jambo ambalo hata asiyejali faragha anapaswa kulijali.

Jengo zima tunatoka nje kwa anwani moja ya IP. Mtu akitukana, akitapeli, akiingia mahali asipotakiwa, kinachoonekana nje ni anwani ya jengo. Tuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na wote tunajua haina mzaha. Watu wamefikishwa mahakamani kwa meseji za WhatsApp. Polisi wakija kwa mwenye huduma kuuliza ni nani, atawaonyesha nini? Kumbukumbu ya ruta inayosema kifaa chenye MAC fulani. MAC ambayo, nimeshasema, jirani anaweza kuivaa kama koti. Kama kila tundu lingekuwa na VLAN yake, mwenye huduma angeweza kusema data hii ilitoka kwenye waya wa apatimenti namba 31, na uongo wa MAC usingefua dafu. Kwa mtandao wa hivi sasa, kijana wa namba 31 anatapeli, simu inayoonekana ni ya binti wa namba 8. Atajitetea kwa nini? Atasema "siyo mimi", kama wote wanavyosema.

Ndiyo maana vipaumbele vya serikali yetu vinanishangaza. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za mwaka 2018, zile zile zilizotutaka wanablogu tulipie leseni, ziliwaagiza pia wenye mikahawa ya intaneti wafunge kamera na watumie anwani za IP za kudumu. Hamu ya kujua nani amekaa kwenye kompyuta ipi tuliiona, tena kali. Basi hamu hiyo hiyo ingefika kwenye swichi! Kutenganisha wateja kunaisaidia dola kupata ukweli na kunamsaidia raia kubaki na siri zake, kwa kazi ile ile ya fundi ya siku moja. Ni mara chache sana kwenye mambo ya mtandao polisi na mwandishi wa habari wanataka kitu kimoja. Hiki ni kimojawapo na hakuna anayekidai.

Na zile ofisi zilizopanga humo? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika Mei 2023, Tume ipo. Anayekusanya taarifa za watu anatakiwa azilinde. Zahanati yenye majina ya wagonjwa kwenye kompyuta iliyochomekwa swichi moja na apatimenti sitini imelinda nini? Kenya wana sheria yao tangu mwaka 2019, na majengo yao mchanganyiko ni yale yale, duka chini, ofisi katikati, watu juu. Daktari atasema yeye si fundi, mwenye huduma atasema yeye anauza intaneti tu. Wagonjwa hawajaulizwa.

Sasa nisije nikaonekana nauza VLAN kama mganga anayeuza dawa ya kila kitu. Haifungi data kwa siri, inazitenga tu njia. Na ikipangwa hovyo ni bure. Kosa nililosikia zaidi ni hili: fundi anagawa VLAN vizuri kabisa, apatimenti kwa apatimenti, kisha anazileta zote kwa ruta, na ruta kazi yake ni kuunganisha mitandao. Usipomwambia asipitishe kutoka kwa mteja mmoja kwenda kwa mwingine, atapitisha. Kuta zimejengwa, milango ya nyuma yote wazi, na mteja anahakikishiwa kwamba ametenganishwa. Kosa jingine ni kuacha usimamizi wa swichi kwenye VLAN namba 1, ile iliyokuja nayo kutoka kiwandani, na nywila ya kiwandani juu yake. Na kuna swichi za bei rahisi ambazo ukurasa wa usimamizi unafunguka kutoka VLAN yoyote, ziepukwe. Na waifai ya ukumbini nayo iwekewe kile kipengele cha kuwazuia wateja wasionane hewani, la sivyo mmeziba mlango mkaacha dirisha. Haya fundi anayejiheshimu anayajua. Asiyeyajua afundishwe, siyo aibu.

Tena msiniambie watu watashindwa kutuma video kwenye runinga zao. Ukiwa na VLAN yako, simu yako, runinga yako na printa yako vyote vimo ndani yake na vinaonana kama kawaida. Kinachopotea ni uwezo wa jirani kukuwekea taarabu saa nane usiku.

Ninachotaka ni vitu viwili. Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, iandike kwa maneno mafupi kwamba anayeuza intaneti kwa wateja zaidi ya mmoja kwenye waya wa kuchangia lazima awatenganishe, na wakaguzi wake wakifika wachomeke laptopu kwenye matundu mawili waone kama zinaonana. Ukaguzi huo ni wa dakika tano. Na sisi wapangaji tuulize kabla ya kulipa. Unapoonyeshwa apatimenti unauliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, unauliza LUKU ni ya peke yako au ya kuchangia. Ongeza swali la tatu: intaneti ya humu, kila mtu na VLAN yake? Akikukodolea macho, umeshapata jibu.

Anayetaka kujaribu jengoni kwake afanye hivi, na afanye na rafiki aliyekubali, msije mkaniponza kwa kupekua vifaa vya watu, sheria ya 2015 haitaki maelezo marefu. Mtafute mpangaji mwenzako mmoja. Angalia anwani ya IP ya laptopu yake, yeye aangalie yako. Toa amri ya pingi kutoka kwako kwenda kwake. Ikijibu, mko chumba kimoja. Isipojibu msifurahi haraka, Windows zenyewe mara nyingi hukataa kujibu. Jaribuni na printa au kwa kuzima kinga hiyo kwa dakika moja. Sisi tumejaribu, mimi na dada wa ghorofa ya tatu. Ilijibu kwa chini ya milisekunde moja. Intaneti yenyewe haijawahi kuwa na kasi hiyo.

Nimemwandikia mwenye huduma wetu, kwa adabu, nikamwekea na jina la kipengele kilipo kwenye swichi yake. Ameisoma, alama za bluu nimeziona. Akijibu nitalibandika jibu hapa. Ninyi mlioko Arusha, Mwanza, Nairobi na kwingineko, niambieni kwenye maoni majengo yenu yakoje, na kama kuna mwenye huduma anayewatenganisha wateja wake tangu siku ya kwanza nitajieni, nitamsifu hapa hapa hadharani, kwa herufi kubwa.